Aliyeilisha Subira Yangu

Tarehe 18 Aprili 1988, katika mbio za marathoni za Boston, Juma Ikangaa wa Tanzania alifika wa pili. Mkenya Ibrahim Hussein alitumia saa 2:08:43, Ikangaa akatumia 2:08:44. Baada ya kilomita 42 na ushei walitenganishwa na sekunde moja. Mwaka 1989 Ikangaa alirudi Boston akawa wa pili tena, safari hiyo nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akarudi kwa mara nyingine, na aliyemtangulia akawa Gelindo Bordin wa Italia. Miaka mitatu mfululizo, mbio zilezile, nafasi ileile.

Namkumbuka sana Ikangaa siku hizi. Tangu nipate kazi niliyo nayo sasa, kila anayenipongeza ananiambia mvumilivu hula mbivu. Wameniambia majirani, wameniambia niliosoma nao chuo cha uandishi wa habari, na mchungaji wetu ameitumia kwenye mahubiri huku akinitazama. Nashukuru kwa kila pongezi, na najua wanaonipa wamenifurahia kwa moyo wote. Lakini subira Ikangaa alikuwa nayo tele, na mbivu za Boston hakuzila. Alizila New York, Novemba 1989, aliposhinda kwa 2:08:01 na kuweka rekodi ya mbio zile iliyodumu hadi 2001. Ndani ya mwaka mmoja, mtu yuleyule, kwa miguu ileile na uvumilivu uleule, alishindwa mji mmoja akashinda mwingine.

Kuna jambo moja kuhusu Ikangaa ambalo wanaohubiri uvumilivu hulipita haraka. Alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Alikuwa na ajira. Mtu akishindwa kwa sekunde moja halafu akarudi nyumbani kwenye mshahara, anaweza kupanga kurudi mwaka ujao. Mtu akishindwa kwa sekunde moja na nyumbani mwenye nyumba anasubiri kodi ya miezi mitatu, huyo atauza viatu vya kukimbilia. Wote wawili wanaweza kuwa na moyo wa chuma. Mmoja tutamwita mvumilivu, mwingine tutasema alikata tamaa.

Subira inakula. Inakula ugali, inapanda daladala, inaumwa malaria na kununua dawa. Pasipo mtu wa kuilisha inakufa, hata ikiwa ndani ya kifua cha shujaa. Aliyeilisha yangu ni dada yangu, muuza nyanya wa Soko la Kilombero, Arusha, na katika pongezi zote nilizopokea sijasikia mtu akimtaja.

Kwetu ni Mbulu. Ukitaja riadha ya Tanzania umeitaja Mbulu na majirani zake, Hanang na Karatu. Filbert Bayi ni wa pande hizo. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton, ni wa pande hizo. Na John Stephen Akhwari, ambaye baba alitusimulia habari zake hadi tukazijua kama sala, ni wa kwetu kabisa. Mexico City, 1968: alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Baba hakuwahi kumsimulia Akhwari kama mtu aliyeshindwa. Mimi nikiwa mtoto nilidhani nafasi ya 57 ni aina fulani ya medali.

Kwa hiyo nilipotaka kuwa mtangazaji, nilitaka kutangaza riadha. Nilimaliza stashahada, nikaenda kufanya fildi kwenye kituo kimoja cha redio pale Arusha, na baada ya fildi nikabakia kama mchangiaji, yaani mtu anayelipwa kwa habari inayorushwa. Isiporushwa, hulipwi. Nilisoma salamu za wasikilizaji, nilisoma matangazo ya vifo, nilitafuta mabadiliko ya bei za mazao. Kila nilipopeleka habari ya mbio, mhariri alinijibu kwa upole: "Dada, riadha haina wasikilizaji. Watu wanataka Simba na Yanga."

Nilipoomba basi nitangaze Simba na Yanga, niliambiwa wasikilizaji hawajazoea sauti ya mwanamke kwenye mpira. Kijana aliyekuja fildi baada yangu, niliyemfundisha kukata sauti kwenye kompyuta, ndiye aliyepewa nafasi ya ajira ilipotangazwa kitengo cha michezo. Alikuwa kijana mwema na hakuwa na kosa lolote. Alikuja kuniaga kwenye kiti changu kana kwamba mimi ndiye ninayeondoka.

Kuna neno nililoambiwa sana miaka ile: vumilia. Naomba nilisemee hili bila kuficha, maana najua wapo wadogo zangu wanaosoma hapa na wanaambiwa hivyo hivi sasa. Angalieni anayewaambia. Baba yangu aliponiambia vumilia, alikuwa ameshauza mbuzi kunilipia ada, na alijua ninachovumilia kwa sababu alikivumilia pamoja nami. Meneja aliyeniambia vumilia alikuwa na mshahara, bima ya afya na gari la ofisi, na posho yangu ya miezi kadhaa ilikuwa mezani kwake haijasainiwa. Kwa baba, neno hilo lilikuwa mkono begani. Kwa meneja lilikuwa njia ya kutolipa. Uvumilivu unaodaiwa na mtu anayefaidika nao unastahili kuulizwa maswali.

Corona ilipoingia mwaka 2020, Arusha iliumia namna yake. Mji huu unakula kwa utalii. Ndege za wageni zilipoacha kutua, hoteli zilifunga, madereva wa safari wakarudi vijijini, na matangazo ya biashara yakakauka redioni. Wachangiaji tulikuwa wa kwanza kuondolewa. Hakukuwa na barua, kwa sababu hatukuwa na mikataba ya kuvunjwa.

Nilihamia kwa dada. Alikuwa amepanga vyumba viwili Unga Limited, yeye na wanawe, na mmoja wa watoto akahamishiwa sebuleni ili mimi nipate kitanda. Hakuna aliyeitisha kikao juu ya hilo. Nilifika jioni na begi, kitanda kilikuwa tayari kimetandikwa.

Wanaonunua nyanya saa nne asubuhi hawajui kazi ilipoanzia. Saa kumi alfajiri dada yuko sokoni kusubiri magari kutoka Ngarenanyuki. Matenga yanashushwa gizani, watu wanapanda juu ya gari na tochi za simu midomoni, na bei inapatikana kwa kuingiza mkono katikati ya tenga, maana nyanya nzuri hupangwa juu na zilizopondeka huzikwa chini. Dada haangalii za juu. Anapitisha mkono ubavuni mwa tenga mpaka kwenye kiwiko, anatoa nyanya moja ya katikati, anaibonyeza karibu na kikonyo, kisha anataja bei. Akishanunua anazichambua mafungu: ngumu za kukaa siku tatu, za kuuza leo, na laini za mama ntilie wanaosaga mchuzi. Sado yake huijaza mpaka ikatengeneza kilima, halafu anaongeza mbili za juu. Nilimuuliza mbona anatoa faida yake. Akasema mteja hakumbuki bei, anakumbuka zile mbili.

Nilifanya naye kazi ile muda mrefu. Niliipenda na niliichoka. Jioni, tukishafunga, dada alinifukuza pale. "Nenda kwa watu wako," alikuwa akisema, "mimi nitamalizia kufagia." Watu wangu walikuwa wakimbiaji.

Kwa wasioijua Arusha: mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi na jioni zake baridi, na ndiyo sababu vijana wa mbio ndefu kutoka Mbulu, Hanang na Singida huja kupanga vyumba hapa. Huwakuta Uwanja wa Sheikh Amri Abeid wakifanya mazoezi ya kasi, na huwakuta kwenye njia za vumbi za Ngaramtoni wakifanya mbio ndefu za mwisho wa wiki. Nilikwenda na simu, nikawarekodi. Sikuwa na kituo cha kurushia. Niliwarekodi kwa sababu walikuwa wanasema mambo ambayo hakuna aliyekuwa anayahifadhi: wanakula nini, wanalala wangapi, nani amewakopesha unga, kwa nini mwenzao fulani ameacha.

Kijana mmoja alinionyesha viatu vyake. Vilikuwa vya mtumba, vya kampuni kubwa, soli ya kulia imeliwa upande wa nje hadi sponji inaonekana. Fundi viatu alikuwa amekata kipande cha tairi ya pikipiki, akakipaka gundi, akakishona kwa uzi wa nailoni kuzunguka. Kijana alikuwa anajua kwa vipimo vyake mwenyewe ni kilomita ngapi gundi ile itashika kabla ya kuachia kwenye kona, na alipanga mazoezi kwa kufuata hesabu hiyo. Siku ya kasi alivaa viatu vya mwenzake aliyekuwa amepumzika. Wawili hao walikuwa wanapeana zamu za kupumzika kwa ajili ya viatu.

Simu yangu ilipokufa, dada alikopa kwenye kikoba chao akaninunulia rekoda ndogo yenye kinga ya upepo. Mkopo wa kikoba si mchezo. Unasimama mbele ya wanawake wenzako unaeleza unataka hela za nini, na wao wanaamua. Dada alisimama akawaambia anataka kumnunulia mdogo wake kifaa cha kazi. Mmoja akauliza, kazi gani, si yupo hapa anauza nyanya na wewe? Dada akajibu kwamba kazi yangu ipo, bado tu haijaanza kulipa. Hayo niliyapata kwa mwanakikoba mwenzake, yeye hajawahi kunisimulia.

Nilipokuwa fildi tulikuwa na mwenzetu mmoja, msichana wa Babati. Alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu, na alisoma habari kana kwamba anakuamini wewe peke yako. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza. Nyuma yake kulikuwa na wadogo waliomtegemea, hakuwa na wa kumtegemea. Aliondoka mapema, akaenda kufanya kazi dukani, na sasa anaendesha biashara ya vifaa vya simu. Akisikia mahubiri yetu kuhusu waliovumilia na wasiovumilia, ajisikieje? Alivumilia mambo mazito kuliko mimi. Alivumilia kuacha alichokipenda ili wadogo zake wasome. Hilo pia ni subira, ila haina jukwaa.

Hata wakubwa wamepotezewa muda na mambo yaliyo nje ya miguu yao. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo wakimbiaji wa umbali huo waliliona kama wazimu. Olimpiki ya Montreal 1976 ilikuwa imsubiri yeye na John Walker wa New Zealand. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia michezo ile kupinga ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya makaburu. Sababu ilikuwa ya haki, na Bayi hakukimbia. Miaka minne baadaye, Moscow, alipata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000. Hadi leo hizo ndizo medali mbili pekee za Tanzania katika Olimpiki. Lakini Bayi wa 1976, akiwa kwenye kilele chake, hakuna subira inayoweza kumrudisha.

Sasa nifike kwa Alphonce Simbu, maana habari yangu na yake zimefungamana ingawa yeye hanifahamu.

Simbu ni mzaliwa wa Singida na ni askari wa JWTZ, kama Ikangaa. Mwaka 2016 alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017, mashindano ya dunia London, alipata shaba kwa 2:09:51, sekunde mbili nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia. Baada ya hapo nchi ikasubiri dhahabu kama inayosubiri mzigo uliokwisha kulipiwa. Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 akawa wa saba. Michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022 akapata fedha, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Olimpiki ya Paris 2024 akawa wa 17, na wapo niliowasikia kwa masikio yangu wakisema umri umeshampita. Aprili 2025 akaenda Boston, akakimbia 2:05:04, akawa wa pili. Nilipoona matokeo yale niliwaza: Boston na Watanzania wa nafasi ya pili.

Mashindano ya dunia yalikuwa Tokyo, Septemba 2025. Marathoni ya wanaume ilianza asubuhi ya tarehe 15, saa za Japani, ambayo kwetu ilikuwa saa saba na nusu usiku. Nilikaa jikoni na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Wakimbiaji walianza, wakaitwa warudi kwa sababu kuna aliyetangulia kabla ya mlio, wakapangwa upya. Kwenye mashindano ya namna hii hakuna watu wa kulipwa kuvuta kasi, kwa hiyo hakuna anayetaka kubeba upepo wa wenzake. Kundi linakuwa kubwa, joto linapanda, wanatazamana. Atakayechomoka mapema anakuwa chambo. Kwa zaidi ya saa moja na nusu Simbu hakufanya chochote cha kutazamwa. Alikuwa ndani ya kundi, analindwa na migongo ya watu, anachukua maji, anaendelea. Ukitaka kuonyesha mtu subira ilivyo ikiwa kazini, mwonyeshe kilomita zile zinazochosha kutazama.

Dada aliamka saa tisa na nusu kama kawaida yake, akavaa kanga ya pili juu ya sweta, akasimama nyuma yangu. Waliingia uwanjani. Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele, na kwenye mita za mwisho alikuwa bado mbele. Simbu akaja kutoka nyuma, wakajitupa kwenye mstari pamoja, Petros akaanguka chini. Hakuna aliyejua. Dada akauliza, "Sasa nani?" Nikamwambia subiri picha.

Picha yenyewe inafanyaje kazi? Kamera imewekwa usawa wa mstari wa mwisho na inatazama mstari huo tu, ikipiga vipande vyembamba mfululizo. Mkono hauhesabiwi, wala kichwa, wala mguu. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili kugusa usawa wa mstari. Muda rasmi wa mbio za barabarani hupandishwa hadi sekunde kamili inayofuata, ndiyo maana wote wawili wameandikiwa 2:09:48. Picha ndiyo iliyowatenganisha: sehemu tatu za mia za sekunde. Jina la Simbu likaja juu. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha. Shaba ya London aliipata kwa 2:09:51, dhahabu ya Tokyo kwa 2:09:48. Miaka minane imepita kati ya shaba na dhahabu, na saa inaonyesha tofauti ya sekunde tatu.

Nililia kwa sauti, watoto wakaamka. Dada alinishika mabega kidogo, akasema magari yameshafika, akaondoka.

Asubuhi ile redio na televisheni za nchi nzima zilitaka jambo moja: mtu wa kueleza kwa Kiswahili Simbu ametoka wapi, na Tanzania imewahi kufanya nini kabla yake. Mtayarishaji wa kipindi kwenye kituo kimoja cha Dar es Salaam, ambacho zamani niliwahi kuomba kazi na sikujibiwa, alipewa namba yangu na mwanariadha niliyemrekodi. Alinipigia nikiwa sokoni. Niliingia nyuma ya matenga, nikaziba sikio moja, nikaongea hewani. Nilimtaja Christopher Isegwe, aliyepata fedha ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya Helsinki 2005 na ambaye wengi walikuwa wamemsahau. Nilimtaja Fabiano Joseph Naasi, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka huohuo wa 2005, kwenye mashindano yanayofanyika peke yake, mbali na haya ya riadha yote. Nikawaeleza sekunde ya Ikangaa. Nikawaeleza mambo ya viatu na gundi. Sikuwa na karatasi. Yalikuwa ni maneno niliyoyabeba miaka mingi bila mtu wa kuyauliza.

Walinipigia tena mchana, na kesho yake. Wiki hiyo walirusha vipande vya sauti nilivyorekodi kwa rekoda ya kikoba. Baada ya hapo kukawa na mazungumzo, kukawa na usaili, na hatimaye barua yenye mhuri: mhariri wa riadha na michezo mingine. Hiyo "michezo mingine" ni kapu la kila kisichokuwa mpira wa miguu, na nimelipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndani yake kuna watu wanaofanya kazi ngumu bila kutangazwa.

Nimejiuliza sana: je, kama kifua cha Petros kingetangulia? Rekodi zangu zingekuwa zilezile, na ujuzi uleule. Simbu angekuwa mwanariadha yuleyule, na maandalizi yaleyale, na medali ya fedha. Simu ya mtayarishaji, nadhani, isingelia. Maisha yangu ya kazi yamebadilishwa na sehemu tatu za mia za sekunde za mtu mwingine. Nikisema nimefika hapa kwa kuvumilia, nasema nusu ya ukweli. Uvumilivu ulinifanya niwe na cha kusema simu ilipolia. Kulia kwa simu kulitoka kwingine. Na kwamba nilikuwa bado nipo, sijahamia kazi nyingine, sijauza rekoda, hilo lilitoka kwa mwanamke anayeamka saa tisa na nusu.

Dada aliacha shule kidato cha pili. Hela ilikuwa ya mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa na alama nzuri. Alitaka kuwa muuguzi. Mshahara wangu wa kwanza nilipompelekea, alichukua kiasi kile kilichobaki kwenye deni la rekoda, akakihesabu mbele yangu, akanirudishia zilizozidi. Nilikasirika, tukagombana kidogo. Akasema, "Mdogo wangu, za kikoba ni za watu, hizo nachukua. Za kwangu usinilipe kama mwenye duka." Sasa tunatafuta fremu, ili aache kukaa juani, na tumekubaliana jina la mkataba liwe lake.

Kazini nimependekeza mfululizo wa vipindi kuhusu watu wanaowalisha wanariadha. Wamekubali. Cha kwanza tumeshakirekodi Ngaramtoni na mama mmoja anayewakopesha vijana unga na maharage, akiandika madeni kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo, na akifuta mwenyewe pale mtu anapojeruhiwa. Cha pili ni fundi viatu. Wakimbiaji wenyewe wanakuja mwishoni, na swali la kwanza nitakalowauliza ni nani alinunua chakula cha jana.

Cha tatu nimemwomba dada. Mwanzoni alikataa, akasema yeye si mtu wa redio. Juzi amenipigia kusema atakuja Jumatatu, siku ambayo mzigo huwa mdogo, ila tumalize kabla ya saa nne kwa sababu wale mama ntilie wa nyanya laini hawapendi kuhudumiwa na mtu mwingine.